Upepo wa Betri

Nimeacha kazi ya dhahabu. Uteo wangu wa mwisho nimempa jirani hapa Manyatta, anapepetea dengu. Mjukuu wangu Apiyo, mwenye kichwa kushinda ukoo wote wa babu yake, ananisahihishia herufi. Maneno nimemkataza asiyaguse. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mdomo haukuacha.

Nawaandikia nyinyi wasichana mlio kilimani sasa, mnaopuliza mchanga mkavu. Wengine wenu mmeninunia tangu yale matanga. Nuneni, lakini someni.

Nilipofika kile kilima, upande wa Bondo, sikwenda kutafuta dhahabu. Nilikwenda kuuza uji. Mume wangu alikuwa kaburini, mwanangu Ouma bado anavaa kaptura, na ziwa tuliloliona kule chini lilikuwa limeanza kuwanyima watu samaki. Wanaume walichimba mashimo, wakatoa mawe meupe. Sisi wanawake hatukuruhusiwa kushuka. Walisema shimo likiona mwanamke linafunga mlango. Kwa hivyo walituachia yaliyo juu: kuponda mawe kwenye kinu cha chuma, kuchekecha, na kutafuta kilichobaki kwenye mchanga waliokwisha kuutupa.

Siku hiyo uji wangu ulichacha na hakuna aliyeutaka. Mama mmoja mzee aliyekaa kwenye gunia akaniita. Aliitwa Perpetua, lakini kila mtu alimwita Dani, yaani bibi.

"Wewe mwenye uji wa juzi," akasema. "Unajua kupepeta?"

"Nimepepeta wimbi tangu nikiwa mtoto, Dani."

"Wimbi unapepeta ubaki na nyingi. Hapa unapepeta ubaki na karibu hakuna. Kaa chini."

Nilikaa, na kwa miaka mingi sikuinuka.

Mnajua kwa nini kule tunaosha bila maji. Kilima ni kikavu kama kisigino. Kijito cha chini kina wenyewe, na wenyewe wana ng'ombe, na ng'ombe hawanywi tope letu. Maji ya ziwani yalipanda kwa punda, yakawa ya kunywa tu. Dani alikuwa ameona zamani kwamba mchanga uliopondwa laini na kuanikwa vizuri unapepetwa kama nafaka. Vumbi ni jepesi linaondoka, mchanga wa kawaida unafuata, mchanga mweusi unabaki, na ndani ya ule mweusi ndimo kuna kitu chetu. Mweusi unautoa kwa sumaku. Kinachokataa sumaku na kukataa upepo, hicho unakifunga kwenye karatasi.

Alinifundisha kujua ukavu. Unakamata mchanga ngumi moja, unafungua. Ukibaki na umbo la vidole, urudishe juani. Alinifundisha kuosha mikono kwa majivu, kwa sababu dhahabu ya vumbi inashika mafuta, na mwanamke aliyejipaka mafuta asubuhi anapeleka mali nyumbani kwenye ngozi bila kujua. Kuna siku nilianika mchanga kwenye mkeka uliokuwa umeanikiwa omena. Ulikauka vizuri, unanuka kama gati. Nilipoupepeta ukatoka kwa madonge, mafuta ya omena yameushika, na kila donge likaondoka na dhahabu yake. Dani aliangalia tu. "Umewapa paka," akasema.

Lakini kitu chake kikubwa kilikuwa upepo. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, unatembea polepole kama mtu anayetoka kanisani. Huo ndio wetu. Mchana ziwa linaujibu kwa hasira, na hapo unafunika kazi yako. Aliketi upepo ukimtoka mgongoni, vumbi likimwacha kwenda zake. "Vumbi lina kwao," alisema. "Liache liende kwao." Alikufa mzee sana, kwa ugonjwa wa miguu, si kwa kifua. Naomba mkumbuke hilo.

Miaka ikapita. Ouma akakua, akaenda Kisumu kuendesha bodaboda, akaoa. Mke wake tulimwita Nyar Sondu, kwa maana huko Sondu ndiko tulikomtoa. Sitasema uongo, mwanzoni sikumpenda. Alikuwa mwembamba, anauliza maswali, na anacheka kabla sijamaliza kumkemea. Ouma alimleta kilimani nimfundishe kazi kwa sababu bodaboda peke yake haikuwalisha. Nilimfundisha kila nilichofundishwa. Akajua kwa haraka kuliko mimi, jambo ambalo halinifurahishi hata leo kuliandika.

Yeye ndiye aliyeleta bloa. Alimwona fundi seremala mjini Kisumu akifukuza unga wa mbao kwa kale kamashine ka kuchaji, kanashikwa kama bastola, kana betri chini ya mpini. Alisimama pale mpaka fundi akamuuliza kama anatafuta mchumba. Akarudi kilimani akaniambia, "Mama, nimeona upepo ambao hauna saa."

"Upepo wote una saa."

"Huu unaamriwa na betri tu."

Ouma akamtafutia bloa moja. Nyar Sondu akatengeneza sanduku la mbao, limeinama kama paa, juu yake vijiti vya kukingama kama ngazi ya kuku. Chini ya vijiti akatandika kitambaa, chini ya kitambaa akaacha nafasi, na hapo ndipo alipoingiza bomba la bloa. Mchanga unamwagwa juu, unateremka, upepo unapanda kupitia kitambaa na kuunyanyua. Chepesi kinaruka, kizito kinakaa nyuma ya kijiti.

Ndivyo ilivyotakiwa. Mara ya kwanza alitandika gunia la sukari, upepo ukakataa kupita. Akatandika pazia, mchanga ukaanguka chini kama mvua. Shuka la pamba lililozeeka ndilo lililokubali, na wengi wenu mnalalia magodoro matupu kwa sababu hiyo. Hata hivyo upepo ulikuwa ukivuma moja kwa moja, mchanga unaelea wote, na dhahabu inaelea pamoja nao kama wageni wa harusi. Nyar Sondu alikaa akiliangalia sanduku mpaka chakula kikapoa. Kisha akavua kandambili yake, akaikata ulimi, akaufunga ndani ya bomba ucheze.

"Lazima likohoe, Mama," akasema. "Likipuliza tu, halichagui. Likikohoa, linachagua."

Akaiwasha. Puh, puh, puh. Mchanga ukaruka ukakaa, ukaruka ukakaa, na nyuma ya kijiti cha kwanza tukaona mstari mweusi, na ndani ya mweusi, njano. Alinikumbatia na vumbi lake lote. Nilimwambia aniachie, nguo yangu ilikuwa safi. Haikuwa safi.

Kabla ya mavuno mawili kupita, kilima kizima kilikuwa na masanduku. Uteo ukawa kitu cha kuchekwa. Kule nyumbani kwa mwenye sola betri zilipangwa kuchajiwa kama watoto wa chanjo.

Tatizo likawa upepo wa ziwa. Bloa inakohoa vizuri, halafu mchana ziwa linapita juu ya sanduku na kubeba ile dhahabu laini kabisa. Tena macho. Wapita njia walianza kusimama, na watu wa kule hawapendi kusimamiwa. Mnajua tulivyo. Hata jina la kitu chenyewe hatulitaji. Tunasema "mgeni." Mgeni amekuja? Mgeni hajaja. Wachimbaji wanaamini kikitajwa kwenye mdomo usiohusika kinazama chini zaidi. Na wengine hawaamini, lakini hawana kibali cha kuchimba, kwa hivyo mdomo wanaufunga vilevile.

Risper, mwenyekiti wa akina mama wa bloa, akaita mkutano. Mwanamke mnene, sauti ya kuuza samaki, moyo mzuri ukiupata mapema. Akasema tujenge banda. Mabati pande zote, mlango mmoja, pazia la gunia. Upepo wa ziwa ubaki nje, macho yabaki nje.

Nikauliza, "Na vumbi litabaki wapi?"

"Tutafunga leso puani, Mama."

"Leso inazuia harufu. Vumbi hili limepondwa laini kuliko unga wa wimbi. Litaenda wapi ndani ya mabati?"

"Min Ouma," Risper akasema, yaani Mama Ouma, na wenzake walikuwa wameshaanza kucheka, "wewe na uteo wako mmezeeka pamoja. Tukitaka ushauri wa kupepeta wimbi tutakuja."

Nilimtazama Nyar Sondu. Alikuwa anaangalia miguu yake. Mwishowe akasema, "Mama, huko nje nusu ya kazi yangu inaenda na upepo. Apiyo anaingia sekondari."

Banda likajengwa. Mimi nikabaki nje na uteo, mgongo kwa upepo, napata kidogo, nachekwa sana. Wao waliingia asubuhi, masanduku yote yakikohoa pamoja, na pazia likifunguliwa vumbi linatoka kama moshi wa nyumba inayoungua. Walitoka wenyewe weupe kuanzia nywele hadi kope. Banda wakaliita Ulaya. "Twende Ulaya," wanaambiana, na wakitoka wanajitazama na kucheka. Hata mimi nilicheka siku moja. Walichekesha.

Kicheko cha Nyar Sondu ndicho kilichotangulia kwisha. Hakikwisha kwa huzuni, kilikosa pumzi. Anaanza kucheka, anakatika katikati, anashika goti. Kisha mlima. Alikuwa anaupanda na debe la mchanga kichwani akiimba. Akaacha kuimba. Kisha akaacha debe. Mwisho akawa anapanda mikono mitupu, anasimama kwenye kila jiwe akijifanya anaangalia ziwa. Kikohozi kilikuwa kikavu, hakileti kitu.

Alikwenda zahanati peke yake, akarudi na dawa za kifua kikuu. Akazimeza mpaka zikaisha. Hakuna kilichobadilika. Akapewa nyingine. Mkojo ukawa mwekundu, kifua kikabaki vilevile, na yeye akabaki ndani ya Ulaya, kwa sababu mtu anayetumia dawa anaamini anapona.

Nilimuuliza, "Ulipofika pale walikuuliza unafanya kazi gani?"

"Waliuliza."

"Ukasema nini?"

"Mama, nitasema nini? Mkulima."

Wote tunasema hivyo. Kilima kizima ni wakulima. Mtu anavunjika mguu shimoni, anasema ameanguka akilima. Mwingine anapigwa na jiwe, ni jembe. Lakini mguu uliovunjika hata ukidanganya unaonekana. Kifua kinategemea unachosema.

Alipoanza kulala ameketi nilifunga mizigo tukaja Kisumu, kwa Ouma, hapa Manyatta. Nikampeleka hospitali mimi mwenyewe. Alipokelewa na daktari msichana, mpole, macho yamechoka. Alisoma karatasi zote, akasema kifua kikuu hakionekani hata kidogo kwenye makohozi.

"Unafanya kazi gani, Mama Apiyo?"

"Mkulima," akasema Nyar Sondu.

"Si mkulima," nikasema mimi.

Alinifinya paja chini ya meza. Ana vidole vyembamba vile, vinauma. Nikaendelea. "Anaosha dhahabu bila maji. Anapuliza mchanga wa mawe yaliyopondwa, kwa bloa, ndani ya banda la mabati lililofungwa. Na leso puani."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaagiza Nyar Sondu apigwe picha, na picha ilipokuja akaitundika kwenye mwanga. Nilizoea kuona mapafu ya mbuzi. Haya yalikuwa na madoa meupe kila mahali, kama mchanga kwenye uteo ambao haujapepetwa.

"Hilo ni vumbi la mawe," akasema. "Limekaa ndani, na mapafu yamejifunga kulizunguka."

"Lioshwe," nikasema.

"Haliwezi kuoshwa, Mama. Dawa ya kulitoa hatuna."

"Na yale madawa yote aliyomeza?"

"Yalikuwa ya ugonjwa mwingine. Kama tungejua mapema tungemtoa kwenye vumbi. Angeishi na kifua dhaifu, lakini angeishi muda mrefu." Aliongea polepole, hakutafuta wa kulaumu. Ningependa kama angetafuta.

Nyar Sondu aliangalia ile picha yake kwa muda. Kisha akauliza, "Na wenzangu?"

"Wako wangapi?"

Daktari akangoja. Nyar Sondu akafunga leso yake vizuri, akainuka, akashika ukuta. Wenzake hakuwataja hata kwa hesabu.

Niliacha kazi siku hiyo, ingawa hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala keki. Nilibaki naye. Kuosha mtu ambaye hawezi kuinua mikono ni kazi pia, na nayo ina ufundi wake: maji ya uvuguvugu, mgongo kwanza, usimlaze, usimharakishe. Apiyo alikuwa akitoka shule anamsomea masomo yake, na mama yake anamsahihisha kwa kidole tu, sauti haipo.

Risper alikuja kumwona. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, amebeba maembe, anaongea juu ya kila kitu isipokuwa kile. Nyar Sondu akamkatiza. Ilimchukua muda kulipanga neno.

"Toeni," akasema. Akapumua. "Toeni mabati."

"Tutatoa, nyamin," Risper akasema, yaani dada yangu. "Wewe pona tu. Tutatoa."

Alipoondoka nilimsindikiza hadi njiani, na nikamsikia akikohoa akiwa mbele yangu. Kikavu. Alijifanya anasafisha koo.

Nyar Sondu alikufa akiwa ameketi, kichwa kwenye bega la Ouma, kabla mvua za masika hazijaanza. Tulimrudisha nyumbani. Watu walijaa, turubai la bluu, na naibu chifu kwenye kiti cha mbele. Risper ndiye aliyepewa kusoma historia ya marehemu kwa upande wa wafanyakazi wenzake. Nyuma yake, ng'ambo ya shamba, kilima kilionekana, na banda juu yake, mabati yakimetameta. Hayakuwa yametolewa hata moja.

"Marehemu," Risper akasoma, "alikuwa mkulima hodari."

Mimi niliinuka. Mtu akanivuta gauni, nadhani ni shemeji yangu. Sikupewa kipaza sauti na sikukihitaji.

"Huyu hajawahi kushika jembe," nikasema. "Mwulizeni mume wake. Mchicha ulimshinda. Alikuwa mwosha dhahabu. Sanduku mnalotumia nyote yeye ndiye aliyelitengeneza, na ulimi wake ni kandambili yake. Vumbi la lile banda pale ndilo lililomuua. Madaktari walimtibu ugonjwa mwingine kwa sababu aliwaambia alichosema Risper sasa hivi. Msimzike na uongo, atashindwa kupumua hata huko."

Naibu chifu alikuwa anatazama kilima.

Alikwenda kesho yake na askari, wakang'oa mabati. Masanduku mengine yalivunjwa, bloa zikabebwa. Nilijua itakuwa hivyo, na sikuitaka hivyo, na ningesema tena. Matanga yalikuwa bado hayajaisha, na hakuna mwanamke wa kilimani aliyebaki kunioshea hata kikombe. Mmoja alitema mate aliponipita. Haukupita muda nikaambiwa mmejenga banda lingine ng'ambo, kwenye bonde, dogo zaidi, na mlango mnaingia mmeinama. Kwa hivyo niliondoka. Nyumba nikaifunga, nikaja Manyatta kwa Ouma na Apiyo.

Basi, yale ya kazi ni haya. Kama lazima mpulize, pulizeni nje. Asubuhi, upepo mgongoni, sanduku mbele yenu kwa mbali kadiri bomba linavyofika. Funikeni sanduku kwa pembeni tu, kwa gunia, ziwa lisiingie, msijifunike nyinyi. Mtapoteza kidogo. Mchanga uliokwisha kupita nyunyizieni maji kabla ya kuuzoa, hata ya kunawia. Nguo za kazi msiende nazo kitandani kwa watoto. Na leso ni ya kufunga mtoto mgongoni.

Wiki iliyopita Risper alikuja hapa. Kutoka barabarani hadi mlango wetu ni njia fupi, watoto wanaikimbia wakirudi na mkate. Yeye alifika akashika mlango, na nilimaliza kuchambua mchele kabla hajaweza kusema. Ule unene umekwisha. Sikumkaribisha, na sikumfukuza.

"Min Ouma," akasema. "Nipeleke kwa yule daktari."

Nilivaa viatu.

Daktari alinikumbuka, akaniuliza habari ya Apiyo. Kisha akamgeukia Risper, akafungua faili jipya, akamuuliza jina, kwao, na kazi.

"Mkulima," Risper akasema.

Niliangalia dirisha. Nilikuwa nimejiapia njiani kwamba safari hii mdomo si wangu.

Daktari hakuandika. "Unalima nini, Mama?"

Risper alianza kujibu, kikohozi kikamkamata, kikamtikisa mpaka daktari akainuka kumshika bega. Kilipomwachia alikuwa na machozi, na alikuwa ananitazama mimi, si daktari. Sikumsaidia.

"Mawe," akasema. Akavuta pumzi, akangoja nyingine ije. "Tunalima mawe, daktari. Ya dhahabu. Tuko wengi."